Namba 80, pumzi ya dereva na kiroba mfukoni

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, hakimkamati mtu kwa sababu amekunywa. Kinamkamata aliyekunywa kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Sheria hiyo ilitungwa 1953, enzi za mkoloni, na maneno hayo yalichotwa karibu kama yalivyo kutoka sheria ya barabara ya Uingereza ya 1930. Waingereza wenyewe waliyaacha zamani. Huku kwetu bado yanasomwa mahakamani.

Tazama kesi inavyokwenda chini ya maneno hayo. Askari anapanda kizimbani na kusema mshtakiwa alikuwa ananuka pombe, macho mekundu, ulimi mzito. Wakili anasimama. Je, gari lilisimama ulipolipungia mkono? Lilisimama. Aliteremsha kioo? Aliteremsha. Alitoa leseni ulipomwomba? Alitoa. Sasa huyo aliyeshindwa kulimudu gari ni nani? Macho mekundu huenda ni ya vumbi au ya kukesha, na harufu ya pombe haina namba. Dereva pekee anayepatikana na hatia kwa urahisi hapo ni yule aliyekwisha kugonga kitu. Sheria ya kuzuia ajali inageuka kuwa sheria ya kusubiri ajali.

Uingereza ilitoka katika mtego huo 1967. Waziri wa uchukuzi, Barbara Castle, ambaye hata kuendesha gari hakujua, alisimamia sheria iliyoanza kutumika Oktoba 9 mwaka huo. Iliunda kosa jipya kabisa: kuendesha gari ukiwa na zaidi ya miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Haikuuliza tena kama umelewa, unayumba au umezoea. Ukivuka namba, umekosa. Katika miezi 12 ya kwanza vifo barabarani vilipungua kwa 1,152. Kilichowatisha madereva hakikuwa kifungo kirefu. Mashine haibishaniwi kama askari anavyobishaniwa.

Kenya ilijaribu kufika huko kwa njia ya mkato. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kipima ulevi zenye kiwango kilekile cha miligramu 80 kwenye damu, ambacho kwenye pumzi ni mikrogramu 35 kwa mililita 100. Desemba 2013 alcoblow, kama kipima ulevi hicho kinavyoitwa, ikaingia barabarani kwa kishindo, na kwa muda wenye baa wa Nairobi walihisi mfukoni. Kasoro ilikuwa kwenye mizizi. Namba ile ilikaa kwenye kanuni, wakati sheria mama bado ilidai mtu awe ameshindwa kulimudu gari. Mahakama ya Rufaa ilipolitazama jambo hilo 2017, iliona kanuni haiwezi kuzaa kosa ambalo sheria mama haikulibebea mimba. Polisi wakabaki na haki ya kumsimamisha dereva, lakini ili kumshtaki ilibidi warudi palepale kwenye kifungu cha 44.

Wengi walipiga kelele kwamba majaji wamewatetea walevi. Lawama hiyo ilikosea anwani. Mahakama ilisoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa kibovu. Vifaa vinaweza kurudishwa barabarani hata kesho asubuhi, na kila baada ya ajali kubwa ahadi hiyo husikika. Visipotanguliwa na kifungu kipya kilichopita Bungeni, vitavuna picha za televisheni kuliko hukumu.

Kifungu chenyewe si kirefu. Kinahitaji namba iliyoandikwa ndani ya sheria mama, si pembeni. Kinahitaji kusema kwamba kukataa kupuliza bila sababu ya kiafya ni kosa lenye adhabu ileile ya aliyevuka kiwango, la sivyo kila mlevi mwenye akili atakataa. Na kinahitaji kuuziba mlango ambao mawakili wa Ulaya wanaujua vizuri: dereva anagonga, anatoka garini, anameza funda kubwa kutoka kwenye chupa mbele ya mashahidi, kisha anadai pombe yote mwilini mwake ni ile ya kutuliza mshtuko. Sheria ya Uingereza inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha kwamba bila funda lile asingevuka kiwango. Huku kwetu sijaona mswada unaolizungumzia jambo hilo kwa uzito unaolistahili.

Namba yenyewe ina maana gani kwa mnywaji? Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Mwanamume wa kilo 70 akinywa moja, damu yake hupanda kwa takriban miligramu 42. Mbili zinamfikisha 84 kabla mwili haujaanza kupunguza. Mwanamke wa kilo 60, kwa sababu mwili wake una maji kidogo ya kuisambaza pombe, hupanda kwa takriban 60 kwa chupa moja, na chupa mbili ni 120. Chakula tumboni huchelewesha na kupunguza kilele, lakini hakifuti. Kwa hiyo 80 si namba kali. Ni namba ya ukarimu, inayomruhusu mtu mzima wa wastani kunywa chupa nzima, tena kubwa, kisha akakamata usukani.

Watu wengi hukosea kwenye upande wa kushuka. Ini huondoa takriban miligramu 15 kwa saa, na halina gia ya kuongeza mwendo. Kahawa nyeusi, supu ya pweza, kuoga maji baridi, vyote vinampa mtu macho tu, damu haiguswi. Mchukue yule mwanamume wa kilo 70 aliyekunywa bia sita kuanzia saa 1 usiku hadi saa 6 usiku. Jumla aliingiza kama 252, mwili umekwisha kutoa 75 katika saa tano, amelala akiwa na 177. Saa 12 asubuhi anaamka, anapiga mswaki, anavaa sare. Bado ana karibu 87. Atafika sifuri karibu na saa 6 mchana. Huyu hajioni mlevi. Anajiona mtu aliyelala.

Ndiyo maana nchi nyingi hazimpi dereva wa abiria nafasi hiyo. Tanzania ina 80 kwa dereva wa kawaida na sifuri kwa anayeendesha gari la abiria au la biashara, na hapo kuna jambo ambalo trafiki wa Tanzania wamelielewa kuliko wenzao wengi: kumpima dereva wa basi alfajiri kituoni, kabla gurudumu halijazunguka. Upimaji wa kituo cha mabasi cha Magufuli, Dar es Salaam, unamkamata yule wa bia sita ambaye kizuizi cha usiku hakiwezi kumpata, kwa kuwa usiku alikuwa kitandani. Utaratibu huo una matundu mawili. La kwanza ni dereva wa pili wa safari ndefu, anayelala kiti cha nyuma na kupokea usukani njiani. Naye apimwe palepale mwanzoni, na apimwe tena anapopokea. La pili limezidi tangu mabasi yaliporuhusiwa kusafiri usiku 2023. Ratiba ya upimaji iliyojengwa kwa mabasi ya saa 12 asubuhi haimfikii anayeondoka saa 3 usiku, ambaye mchana kutwa alikuwa huru.

Sasa mashine. Hapa ndipo kesi nzuri hufia.

Kuna vifaa vya bei rahisi vyenye kihisio cha semikondakta, vinavyouzwa hata kama vitu vya kuning'iniza ufunguo. Vinaitika pombe, lakini vinaitika pia asetoni inayotoka kwenye pumzi ya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, pamoja na moshi wa sigara. Havifai mahakamani. Vifaa vya polisi hutumia seli ya kikemia, ambayo huunguza pombe na kupima umeme unaotoka. Hivyo ni vya kuchujia barabarani. Ushahidi wenyewe, katika nchi zilizojipanga, hutoka kwenye mashine kubwa ya kituoni inayotumia mionzi ya infraredi na kuchapa karatasi yenye saa, tarehe, namba ya mashine na matokeo ya pumzi mbili. Ya chini kati ya hizo mbili ndiyo inayohesabiwa.

Utaratibu wa askari ni mfupi ila hauna hatua ya kuruka. Muulize dereva amekunywa lini mara ya mwisho. Kama ni ndani ya dakika 20, au kama amebeua au kutapika au kusukutua kwa dawa ya kinywa, msubirishe, maana pombe iliyobaki mdomoni hupandisha namba kuliko ile ya mapafuni. Fungua mrija mpya mbele yake. Mrija uliokwisha kupulizwa na mtu mwingine ni zawadi kwa wakili, achilia mbali kifua kikuu. Hakikisha mashine inasoma sifuri kwenye hewa tupu kabla hajapuliza. Apulize mfululizo, bila kukatiza, mpaka kifaa kikubali, kwa sababu inayotakiwa ni hewa ya chini ya mapafu na si ya shavuni. Andika namba kama ilivyo. Usimkadirie.

Na mashine yenyewe ipimwe. Mizani ya mchinjaji na pampu ya kituo cha mafuta huko Tanzania huhakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika, ili mnunuzi asipunjwe gramu kadhaa za nyama. Kifaa kinachoweza kumpeleka mtu jela kinastahili angalau heshima ya mizani ya nyama: kihakikiwe kwa gesi yenye kiwango cha pombe kinachojulikana, kwa muda uliopangwa, na cheti chake kiambatanishwe kwenye jalada. Wakili mzuri huanzia hapo. Akiuliza lini kilihakikiwa mara ya mwisho na mwendesha mashtaka akaanza kupekua karatasi, kesi imekwisha.

Damu nayo ina mitego yake. Muuguzi akisafisha ngozi kwa spiriti, amempa mshtakiwa utetezi bure. Atumie dawa isiyo na pombe. Chupa iwe ile ya kifuniko cha kijivu, yenye sodiamu floridi, ambayo huzuia sampuli isichachuke yenyewe njiani kwenda maabara. Damu iliyowekwa kwenye chupa ya kawaida, ikasafiri siku mbili kwenye joto kutoka wilayani, inaweza kujitengenezea pombe yake. Ichukuliwe mapema pia: kila saa inayopotea inaondoka na zile miligramu 15.

Tuseme sheria imenyooka na mashine ni nzuri. Bado kuna swali la mara ngapi. Uingereza ile ya 1967 ilionja ushindi, kisha ushindi ukayeyuka polepole katika miaka iliyofuata, madereva walipogundua kwamba uwezekano wa kusimamishwa ni mdogo mno. Adhabu ilikuwa ileile. Hofu ndiyo iliyokwisha. Jimbo la New South Wales, Australia, lilijifunza kutokana na hilo. Desemba 17, 1982 lilianza kusimamisha gari lolote, wakati wowote, bila kumshuku dereva, na likafanya karibu vipimo milioni 1 katika mwaka wa kwanza, katika jimbo lenye madereva wenye leseni kama milioni 3. Kila mtu alikuwa na jirani aliyepulizishwa. Vifo vilishuka na havikurudi vilikokuwa.

Scotland ilionyesha kinyume chake. Desemba 5, 2014 iliteremsha kiwango kutoka 80 hadi 50, jambo jema kwa kila kipimo cha sayansi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipohesabu ajali za kabla na baada, hawakuona zimepungua. Namba ilibadilika kwenye karatasi bila polisi kuongeza upimaji. Jimbo la Utah, Marekani, nalo lilikwenda 0.05, yaani miligramu 50 kwa hesabu yetu, mwishoni mwa 2018, na kiwango cha ajali za vifo kikawa kimeshuka kwa asilimia 19.8 ukilinganisha 2019 na 2016, wakati sehemu nyingine ya nchi ilishuka asilimia 5.6. Kwa hiyo wanaotaka tushushe 80 hadi 50 wana hoja, nami naiunga mkono. Ila mbunge atakayeleta mswada huo bila bajeti ya mirija, vifaa na mafuta ya magari ya doria atakuwa ameleta Scotland.

Vizuizi vya alcoblow Nairobi vilikuwa na ugonjwa unaojulikana: vilikaa mahali pamoja, usiku wa Ijumaa, kwenye barabara zilezile kubwa, na kabla kikosi hakijapanga koni vizuri ujumbe ulikuwa umeshazunguka kwenye simu. Mwenye gari akampa usukani rafiki asiyekunywa kwa mita mia mbili, akavuka, akarudi kwenye kiti chake. Dawa si kikosi kikubwa. Askari wanne wanaohama kila baada ya dakika 40, mmoja akiwa amesimama kwenye uchochoro ambao kila mkwepaji huukimbilia, hufanya kazi kuliko ishirini waliosimama chini ya taa hadi alfajiri. Na bodaboda wapulizishwe. Kizuizi kinachosimamisha magari madogo tu na kupisha pikipiki zinazoyumba zikiwa na abiria wawili kinalinda bati za magari.

Kuna kitu kidogo pia, tusijifanye hatukijui. Mahubiri hayajawahi kukimaliza, lakini kumbukumbu ya mashine inaweza kukibana. Kifaa cha kisasa hutoa kila kipimo namba ya mfululizo na kukihifadhi. Ofisa wa kituo akipakua kumbukumbu asubuhi na kukuta kipimo cha 417 kimesoma 96, saa 5:20 usiku, na hakuna jalada linalolingana nacho, kuna mtu wa kuulizwa. Ulinganisho huo huchukua robo saa kwa siku. Usipoandikwa kwenye kanuni kama wajibu, hautafanywa.

Nikija kwa vijana, mjadala wa Kenya uliwaka Julai 2025 pale sera mpya ya taifa ya pombe na dawa za kulevya, iliyoandaliwa na NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa hizo, ilipopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21. Waliounga mkono walinyoosha kidole Marekani. Mfano ni wa kweli, ila wameukata mkia. Sheria ya Marekani ya 1984 haikumkamata kijana yeyote. Iliyaambia majimbo kwamba lisilopandisha umri hadi 21 litakatwa fedha za barabara kutoka serikali kuu, mpaka asilimia 10, na Mahakama ya Juu ikaibariki 1987. Tatizo lililolengwa lilikuwa mahususi: kijana wa huko hupata leseni akiwa na miaka 16, na aliyenyimwa bia kwao alivuka kwa gari hadi jimbo la jirani lenye umri wa 18, akanywa, akarudi usiku akiendesha. Mwaka 1995 wakaongeza sheria ya pili, kwamba dereva wa chini ya miaka 21 asizidi 0.02, yaani asinywe kabisa. Zote mbili zilikuwa sheria za barabara.

Kijana wa miaka 19 wa Kitengela au Mbagala hana gari la kuvuka nalo mpaka. Ana pikipiki ya mkataba, au yupo nyuma ya pikipiki hiyo. Sifuri kwa kila mwenye leseni ya chini ya miaka miwili, na sifuri kwa kila anayebeba abiria kwa malipo, bodaboda akiwemo, kungeokoa wengi kuliko kuongeza miaka mitatu kwenye sheria ambayo muuzaji hajaanza kuitii ikiwa 18.

Kilichofanya kazi hapa kwetu kilikuwa sheria ya ukubwa wa chombo. Kiroba cha mililita 50 chenye asilimia 40 kina takriban gramu 16 za pombe, yaani sehemu nne kati ya tano za bia kubwa, katika kifuko kinachoingia mfuko wa shati la shule. Hakigongani, hakidai chupa irudishwe, na bei yake ilitoshana na nauli ya mwanafunzi. Tanzania ilikipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017, Uganda ikafuata 2019. Kenya ilikuwa imeshaziba mlango huo kwenye Sheria ya Vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka Bungeni, iliyokataza pakiti na kutaka pombe kali isiuzwe kwenye chombo cha chini ya mililita 250. Ukubwa wa chombo ni kitu ambacho askari anaweza kukiona kwenye rafu bila kumuuliza mtu umri.

Umri wenyewe hukaguliwa kwa manunuzi ya majaribio, utaratibu wa kawaida katika majimbo mengi ya Marekani. Kijana ambaye hajafikia umri wa kunywa, kwa ridhaa ya mzazi kama bado ni mtoto, asiyefuga ndevu wala kupakwa rangi ya kumzeesha, anapigwa picha siku hiyo ili mahakama ione alivyoonekana. Anaingia dukani na fedha zilizonakiliwa namba, anaomba bia, akiulizwa umri anasema ukweli. Ofisa yuko nje. Akiuziwa, anatoka bila kubishana, na muuzaji anafuatwa akiwa bado na noti mkononi. Mara ya kwanza leseni inasimama siku kadhaa, ya pili wiki kadhaa, ya tatu inakwenda. Kijana hashtakiwi kitu. Duka linalojua kwamba mteja yeyote mwenye sura changa anaweza kuwa huyo litaanza kudai kitambulisho bila kuhubiriwa.

Kikwazo cha Kenya hapo ni kwamba leseni za vileo zilihamia kaunti, na kaunti huzihesabu kama mapato. Kila baa inayofungwa ni pengo kwenye bajeti. Sheria ya 2010 inataka baa ikae mita 300 kutoka shuleni, lakini anayetakiwa kupima ndiye anayepokea ada. Kuhamisha mamlaka hiyo kungedai vita vya kikatiba. Kuchapisha orodha ya leseni zote kila mwaka, zikiwa na namba ya kiwanja na mahali pake kwenye ramani, hakudai vita yoyote, na mwalimu mkuu mwenye simu atapima mita zake mwenyewe akiwa langoni.